Daftari la Kuluva na Saratani ya Mjomba

Kwa muda wa miaka miwili mjomba wangu alitibiwa bawasiri. Alikuwa dereva wa lori, akibeba mihogo na mbao kati ya Koboko na Arua, na watu wote, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza, waliamini kwamba kukaa kutwa nzima kwenye kiti cha lori ndiko kulikomletea damu chooni. Akapewa dawa za kupaka, akapewa dawa za amiba, akapewa vidonge vya kuongeza damu. Mama yangu alipomuuliza mwuza dawa mmoja kama haiwezi kuwa saratani, yule bwana alicheka kwa upole akasema, "Mama, saratani ya utumbo ni ya Wazungu. Sisi tunakula enyasa." Mjomba alipofika Kampala hatimaye na kupimwa kwa kamera, uvimbe ulikuwa umeziba karibu njia yote, na ini lilikuwa tayari na madoa. Alikuwa na umri wa miaka 41.

Mimi ni mwanafunzi wa historia na Kiswahili, si wa udaktari. Lakini sentensi ile ya mwuza dawa ilinikaa kichwani, kwa sababu ni sentensi yenye historia. Haikuzuka hewani. Ina miaka yake na watu wake, na sehemu moja ya chimbuko lake iko kilomita chache kutoka nyumbani kwetu, katika hospitali niliyozaliwa.

Hospitali ya Kuluva iko kando ya barabara ya Arua kwenda Kampala, kilomita kama 11 kutoka mjini. Ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1940 na daktari Mwingereza, Edward Williams, ambaye wote walimwita Ted, pamoja na mkewe Muriel, chini ya misheni ya Africa Inland Mission. Baadaye akaja ndugu yake Peter, naye daktari. Wazee wetu wanaikumbuka zaidi kwa matibabu ya ukoma. Wanahistoria wa tiba wanaikumbuka kwa jambo jingine: huko Kuluva wagonjwa wa saratani waliandikwa, na si jina na ugonjwa tu, bali na kijiji walikotoka.

Ili kuelewa kwa nini kijiji kilikuwa na maana, turudi Mulago, mwaka 1957. Daktari Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt aje amtazame mtoto aliyekuwa na uvimbe kwenye taya zote, juu na chini, kushoto na kulia. Burkitt hakujua ni nini. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye sura ileile ya ugonjwa, naye akampapasa tumbo akakuta uvimbe na huko pia. Mmoja ni ajabu, wawili ni swali. Mwaka uliofuata alichapisha makala yake ya kwanza, kisha akaanza kuwaandikia madaktari wa hospitali za misheni na za serikali kote Afrika: je, mnauona ugonjwa huu? Wengine walijibu ndiyo, wengine hapana, na majibu hayo yakaanza kuchora mshipi kwenye ramani.

Mwezi wa Oktoba 1961 Burkitt alifunga safari ya kwenda kuukagua mpaka wa mshipi huo kwa macho yake. Alikuwa na wenzake wawili: Cliff Nelson, na Ted Williams wa Kuluva. Gari lilikuwa Ford kuukuu lililonunuliwa kwa pauni 250, na ninapenda kufikiri kwamba Williams alichukuliwa kwa ajili ya mikono yake kama kwa ajili ya akili yake, maana ndiye aliyejua kutengeneza injini. Walikwenda kama maili 10,000 kwa wiki 10, hadi Afrika Kusini. Walichokiona ni kwamba ugonjwa huo ulipungua kadiri ardhi ilivyopanda juu na baridi ilivyoongezeka, yaani ulikaa mahali pale pale malaria ilipokaa kwa nguvu. Miezi michache kabla ya safari, katika mhadhara wa Burkitt huko London, alikuwapo mtafiti kijana, Anthony Epstein, aliyeomba apelekewe vipande vya uvimbe kutoka Uganda. Mwaka 1964 yeye na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, walitangaza kwamba wameona virusi ndani ya seli zake.

Kuluva nayo iliendelea na kazi ya kuandika. Mwaka 1967 Williams, pamoja na Malcolm Pike na mwenzao mmoja, walichapisha hesabu ya watoto wa West Nile waliougua kati ya 1961 na 1965. Ilionyesha kwamba watoto walioanza kuugua nyakati za kukaribiana walielekea pia kuwa majirani, jambo linalofanana na tabia ya ugonjwa wa kuambukiza. Bila kijiji kuandikwa daftarini, hesabu hiyo isingewezekana. Kisha kati ya 1972 na 1974, watafiti wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lenye makao yake Lyon, Ufaransa, walichukua damu ya watoto wapatao 42,000 wa wilaya yetu, wakaihifadhi kwenye barafu, wakangoja kuona ni nani atakayeugua. Majibu yalitoka 1978: watoto walioupata uvimbe walikuwa, miezi na hata miaka kadhaa kabla, na dalili za virusi vya Epstein kwa wingi kuliko wenzao. Huo ulikuwa ushahidi mkubwa kwamba virusi vinaweza kuhusika kuleta saratani kwa binadamu. Dunia hutujua kwa njia hii. Hata jina la wilaya yetu limebandikwa kwenye virusi vingine vya mbu, vilivyopatikana hapa mwaka 1937, na ukilitafuta jina "West Nile" ndivyo unavyokutana navyo kwanza.

Sasa nije kwenye sehemu inayomhusu mjomba, ingawa mwanzoni haitaonekana hivyo.

Watoto wale waliotibiwa Mulago walifanya jambo la kushangaza. Baadhi yao walipewa dozi chache tu za dawa, wengine dozi moja, uvimbe ukayeyuka usirudi. Kwa saratani hilo si la kawaida. Mwaka 1967 Burkitt na Sebastian Kyalwazi, mmoja wa wapasuaji wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki, waliandika juu ya wagonjwa ambao uvimbe wao ulirudi nyuma wenyewe. Mwaka huohuo Victor Anomah Ngu, Mkameruni aliyekuwa akifanya kazi Nigeria, alieleza wazo ambalo wengi walikuwa wakilinong'ona: kwamba dawa haikumaliza kazi peke yake. Ilipunguza adui, na mwili wenyewe ukamalizia. Mwili ulikuwa umemwona.

Mulago ilijaribu kulifanyia kazi wazo hilo. Kituo cha kutibu uvimbe huu kilifunguliwa 1967 chini ya John Ziegler, kikawa mwanzo wa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Huko wagonjwa kadhaa walipewa BCG, chanjo ileile ya kifua kikuu tunayochanjwa begani, kwa matumaini ya kuichochea kinga ya mwili iamke. Mwaka 1976 Ian Magrath na Ziegler walichapisha matokeo, nao walisema kweli bila kupamba: haikusaidia. Nilipoisoma makala hiyo nilifikiri sana juu ya mwaka wake. Amin alikuwa madarakani, wataalamu wa kigeni wengi walikuwa wameondoka au kufukuzwa, taasisi ilikuwa mikononi mwa Charles Olweny na wenzake wachache. Swali "kwa nini kinga humwona huyu na haimwoni yule?" lilikuwa limeulizwa Kampala kabla halijapata jibu popote.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966. Na hapa ndipo njia ya Kuluva inapogawanyika, kwa sababu mtu yuleyule, akitumia mtandao uleule wa hospitali na barua zilezile, alianza kuuliza swali jingine. Safari hii aliuliza juu ya magonjwa ambayo hayakuonekana. Kila mwezi hospitali za vijijini zilimjazia fomu: mmeona kidole-tumbo mara ngapi? Saratani ya utumbo mpana? Majibu yalikuwa sifuri, sifuri, moja, sifuri. Mwaka 1971 alichapisha makala maarufu akidai kwamba chakula chenye makapi mengi, kama ulezi, mtama, maharagwe na mboga za majani, hupitisha uchafu haraka tumboni, na kwamba ndiyo sababu Mwafrika wa kijijini haugui saratani ya utumbo kama Mwingereza.

Sitaki kumwonea Burkitt. Tofauti aliyoiona ilikuwa ya kweli. Rejista ya saratani ya Kampala, iliyoanza 1954, nayo ilionyesha kwamba ugonjwa huo ulikuwa nadra. Na kwamba makapi ni mazuri, hilo limekubalika. Lakini fomu ya hospitali huhesabu yule aliyefika hospitalini akapimwa. Haimhesabu mtu aliyetokwa damu akafa kitandani kwake Maracha, na mwaka 1965 hakukuwa na kamera ya kuingiza tumboni mwa mtu katika West Nile. Tena, idadi ya wazee ilikuwa ndogo. Sifuri ya fomu ilikuwa na maana ya "hatukuona". Ilipopita kwenye vitabu, kisha darasani, kisha kwenye maduka ya dawa, ikageuka kuwa "haipo". Na kitu ambacho hakipo hakitafutwi. Rejista hiyohiyo ya Kampala, iliyokatika katika miaka ya vita na kufufuliwa 1989, imeonyesha ugonjwa huu ukiongezeka. Mwuza dawa wetu alikuwa ananukuu daftari la zamani bila kujua kwamba kurasa mpya zimeandikwa.

Kuna namna moja ya saratani ya utumbo ambayo hata enyasa haiwezi kuizuia kwa uhakika, kwa kuwa mzizi wake ni wa kurithiwa. Mwaka 1895 huko Michigan, Marekani, mshona nguo mmoja alimwambia daktari Aldred Warthin kwamba yeye atakufa kijana kwa saratani, ya tumbo au ya kizazi, kwa kuwa ndivyo watu wa ukoo wake wanavyokufa. Warthin hakucheka. Aliandika majina ya ukoo mzima, akayachapisha 1913. Yule mama alikufa kama alivyosema. Wanasayansi wengi hawakujali hadi Henry Lynch alipolichukua swali hilo tena katika miaka ya 1960, na jeni zenyewe zilipatikana 1993 na 1994.

Nieleze kama nilivyoelewa. Kila seli inapogawanyika hunakili DNA yake, maandishi ya herufi zaidi ya bilioni tatu. Mfikirie karani anayenakili daftari la hospitali usiku kwa taa ya mafuta: atakosea. Kwa hiyo mwili umeweka wakaguzi wanaopita nyuma ya karani na kusahihisha. Wakaguzi hao ni protini, nazo nne ni muhimu: MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2. Mmoja wao akikosekana, makosa hubaki na kurundikana, na siku moja kosa huangukia mahali panapozuia seli isizaliane ovyo. Hapo saratani huanza. Katika koo kama ile ya yule mshona nguo, mtu huzaliwa tayari akiwa na upungufu katika jeni la mkaguzi mmoja. Wengine hupoteza mkaguzi ukubwani bila urithi wowote.

Lakini uvimbe wenye makosa mengi hivyo hutengeneza protini za ajabu ambazo mwili haujawahi kuziona. Unapeperusha bendera ngeni kila upande. Askari wa kinga huziona, hukusanyika pembeni ya uvimbe, na kisha husimama. Husimama kwa sababu askari hao wana breki, iitwayo PD-1, iliyowekwa ili wasiushambulie mwili wenyewe, na uvimbe umejifunza kuikanyaga. Waliovumbua breki za namna hii, James Allison na Tasuku Honjo, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2018. Dawa mpya haiui saratani yenyewe. Huondoa mguu wa saratani kwenye breki.

Na ugunduzi wa nani anafaidika ulianza na mtu mmoja, kama ulivyoanza ule wa Mulago. Katika jaribio la mwanzo la dawa ya aina hiyo, lililochapishwa Marekani 2010, walikuwapo wagonjwa 39 wa saratani mbalimbali. Wagonjwa wa utumbo mpana hawakupata nafuu, isipokuwa mmoja, ambaye saratani yake ilitoweka. Watafiti walirudi kwenye kipande chake cha nyama wakakuta wakaguzi wake wa DNA hawafanyi kazi. Wakajaribu tena kwa kupanga. Matokeo ya 2015 ni rahisi kuyakumbuka: kati ya wagonjwa 10 wa saratani ya utumbo wenye upungufu huo, uvimbe wa 4 ulinywea, kati ya 18 wasio na upungufu, hakuna hata mmoja. Mwaka 2017 dawa hiyo, pembrolizumab, iliruhusiwa Marekani kwa uvimbe wowote wenye upungufu huo, bila kujali umeanzia kiungo gani. Mwaka 2020 jaribio la wagonjwa 307 wa saratani ya utumbo iliyoenea lilionyesha kwamba nusu ya waliopewa dawa hiyo walikaa miezi 16.5 au zaidi kabla ugonjwa haujasonga mbele, ambapo kwa kemotherapia ilikuwa miezi 8.2. Si muujiza. Karibu wagonjwa watatu katika kila kumi, ugonjwa uliendelea tangu mwanzo licha ya dawa. Ila kati ya waliofaidika wapo waliokaa miaka.

Katika watu wote wenye saratani ya utumbo iliyoenea, wenye upungufu huu ni kama 5 katika 100. Mtu anaweza kusema ni wachache mno, tusisumbuke. Lakini huku kwetu wagonjwa wengi ni vijana, na uchunguzi uliofanywa Nigeria na kuchapishwa mwaka 2021, uliohesabu wagonjwa wa hatua zote, ulikuta alama za upungufu huo katika zaidi ya robo ya vipande vilivyopimwa. Sisemi Nigeria ni Arua. Nasema sifuri nyingine isiandikwe kabla ya kupima.

Ripoti ya mjomba ni karatasi moja. Inataja aina ya saratani na jinsi ilivyopenya ukuta wa utumbo. Haitaji wakaguzi wale wanne. Nilipouliza, nilijibiwa kwa heshima kwamba kipimo hicho hakifanywi kwa kila mtu, na kwamba hata kikionyesha upungufu, dawa yenyewe kwa bei ya Marekani inazidi dola 100,000 kwa mwaka. Mjomba aliposikia hesabu hiyo alicheka mpaka akashika kidonda cha upasuaji. "Mwanangu," alisema, "hata ningeuza lori, barabara na daraja la Pakwach."

Hoja ya bei ni nzito, na sina jibu lake. Lakini niliigundua kuwa nusu tu ya hoja. Kipande cha nyama yake kimehifadhiwa ndani ya nta, na kipimo kinaweza kufanywa leo au mwakani. Kikionyesha upungufu, na ukawa ni wa kurithi, basi habari hiyo ni ya dada zake pia. Mama yangu ni dada yake. Ana miaka 52 na hajawahi kupimwa utumbo. Mtu wa ukoo wa namna hiyo hufanyiwa kipimo cha kamera kila mwaka mmoja au miwili, na kinachoonekana mapema hukatwa palepale, kabla hakijawa saratani, bila dawa ya dola hata moja kati ya zile 100,000. Baada ya mama, nipo mimi.

Tumekubaliana kuchanga fedha kwa ajili ya kipimo hicho. Wakati tukisubiri, mimi na mama tuliketi chini ya mwembe, mjomba akiwa amelala kwenye mkeka karibu nasi, tukaanza kuandika ukoo kama Warthin alivyofanya. Bibi, mama yao: uvimbe wa kizazi, umri kama miaka 50. Hilo mama alilijua vizuri, kwa kuwa ndiye aliyemuuguza. Tulipopanda juu zaidi mambo yalianza kuyeyuka. Baada ya Amin kuanguka mwaka 1979 na askari kuja kulipiza kisasi West Nile, watu wetu walikimbilia Congo na Sudan, na mjomba mwenyewe alizaliwa huko uhamishoni. Watu walikufa kwa kuhara, kwa surua, kwa njaa, na hakukuwa na karani.

Nikamuuliza mama juu ya dada mkubwa wa bibi, aliyefia Aru, upande wa Congo, mwaka 1981.

"Mama mkubwa? Tumbo," alisema.

"Tumbo gani? Alitokwa damu? Alikonda?"

Alifikiri kwa muda mrefu. Wakati ule alikuwa mtoto wa miaka tisa. "Alikuwa haketi sawasawa. Tumbo tu, mwanangu. Tulikuwa wakimbizi."

Mjomba alifungua jicho moja pale mkekani. "Andika hivyohivyo," akasema.

Nikaandika jina lake, Aru, 1981, tumbo.